Bunduki ya Mtaliano niliyomsogezea mama mkwe aishike

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenipata juzi juzi hapa Garissa. Sitatia chumvi, yanauma yalivyo.

Mimi ni mpenzi wa silaha kuukuu za Wazungu. Wengine mnakusanya stempu, wengine jezi. Mimi kila nikienda Bute, kule karibu na mpaka wa Ethiopia, kununua mbuzi, naulizia silaha zilizoachwa na Waitaliano enzi za vita vyao na Mwingereza.

Ndivyo nilivyopata bunduki moja, mtutu umeliwa na kutu, haiwezi kufyatua kitu. Nikaipaka mafuta, nikaitundika sebuleni.

(Wa leseni, tulieni, nitafika huko.)

Mama mkwe akaja kutoka Balambala kumwona mjukuu. Akaketi, akaikazia macho. Mimi nikadhani amevutiwa!

Nikaanza lecture. Kiwanda, mwaka uliogongwa kwenye chuma, risasi inafika wapi. Nikaishusha kabisa nikamsogezea.

Akaficha mikono ndani ya mtandio.

"Kaka yangu alipigwa na ya aina hii," akasema polepole. "Kisimani. Ngamia walikuwa bado wanakunywa."

Na mimi nikamjibu: "Hapana Hooyo," yaani mama kwa Kisomali, "hiyo lazima ilikuwa ya Mwingereza. Hizi ni tofauti."

Yaani nilimsahihisha. Mama wa watu.

Aliacha chai, akachukua mkoba, akaenda kwa shemeji yangu, dada wa mke wangu, mtaa wa pili.

Mke wangu alirudi kutoka kumsindikiza, akaniuliza swali moja tu: "Huyo mjomba wangu aliitwa nani?"

Sikujua. Jina la kiwanda nalijua hadi herufi ya mwisho.

Asubuhi niliipeleka polisi. Afisa akaniambia hata iliyooza ni bunduki, na bila leseni ningelala ndani. Kwa kuwa nimeileta mwenyewe, akanionya tu.

Nikaenda kwa shemeji. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Hooyo, nisamehe. Mjomba aliitwa nani?"

Alivuta mtandio, akaufunga upya kichwani.

"Dahir," akasema. "Alikuwa akiwaimbia ngamia wakinywa maji." Halafu akalia, wakuu, na mimi sikuweza kuinua uso.

Amesema amenisamehe. Lakini nyumbani kwangu hajakanyaga tena. Mtoto tunampeleka kwa shemeji ndiyo amwone.

Nilichojifunza: kabla hujasifia chuma, uliza kilipita kwa nani. Na ukiambiwa, nyamaza usikie.

Nyinyi mliowahi kumkosea mkwe hivi, mlifanyaje akarudi kula kwenu? Nipeni maneno, hata makali nitayapokea.