Ng'ombe Amemchoma Baba

Baba yangu ana siri, na leo ng'ombe ndiye aliyeitoboa.

Mwangaluka wapendwa!

Jana nimerudi kutoka tamasha la ngoma kule Ngulyati. Vikundi viwili mnacheza kwa wakati mmoja, anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Tumeshinda!

Ila sauti imebaki huko. Miguu msiniulize.

Asubuhi nikaingia zizini kukamua. Ng'ombe wetu mwekundu hatoi maziwa bila kuimbiwa, nimemzoesha mwenyewe. Nafungua mdomo, inatoka pumzi tu. Akanitazama kama mgeni, akapiga kibuyu teke.

Siku nilizokuwa sipo alikamuliwa na nani? Sikuwa nimejiuliza.

Akaja baba. Mzee wa kanisa huyu, ngoma kwake ni dhambi. Tangu nimwambie naenda, hanisemeshi.

"Sogea."

Akachuchumaa, akaanza kuimba polepole. Maziwa hayooo!

Nikatega sikio. Mbona huo si wimbo wa kanisani?

Ni wangu. Nimeutunga kwa ajili ya tamasha na nimeuimba mara moja tu, Jumamosi, uwanjani.

Na Jumamosi baba aliaga kwamba anakwenda Lingeka kuangalia dume la kununua.

"Baba, umeujulia wapi?" nikanong'ona.

Hakugeuka. "Ubeti wa pili uliukimbiza."

Jamani, mliokuwepo Jumamosi, niambieni kitu kimoja tu, maana kumuuliza siwezi:

mzee alisimama upande wetu, au wa wapinzani?