Kasala Isiyoanza na Jina Langu

Mjukuu wangu, zima kidogo hiyo televizheni. Tangu asubuhi wewe na dada yako mnagombana: bingwa huyu wa tenisi ndiye mkubwa, yule wa zamani si kitu, angecheza leo angefungwa na watoto. Aa! Kaa hapa nikukumbushe Jumapili moja, mji wetu ukiitwa bado Elisabethville, na jimbo letu la Katanga limejitangaza nchi yake peke yake.

Askari walikuwa njiani na kutembea usiku kulikatazwa, lakini ujana hausikii. Fainali ya mtaa wetu tuliicheza mchana, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, ili kila mtu awahi kurudi kwake. Nikashinda! Nilimfunga Papa Ilunga, bingwa wa miaka mingi, yeye mwenyewe aliyenifundisha kushika raketi. Furaha yangu, mwanangu, ningekimbia nayo mpaka Mokambo, kule mpakani.

Lakini ushindi peke yake haukunitosha. Nilimtaka Régine. Unamjua, ndiye bibi yako anayekaanga samaki kule jikoni. Baba yake, Papa Kalenga, mtu wa reli, alikuwa amenijibu, "Kupiga-piga mupira si kazi." Siku ile akakubali kuja kwenye karamu yetu kabla ya giza anipime, kisha aseme ndiyo au hapana.

Sasa, kwetu sisi watu wa Kasai, mshindi hanywi kitu mpaka asifiwe kwanza kwa kasala, sifa za kutaja watu kwa sauti mbele ya wote. Mama Kapinga, muuza samaki mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akasimama. Nikanyoosha kola. Akaanza... na Papa Ilunga! Mkono wake wa kushoto, raketi yake ya mbao, mbio zake. Halafu akamtaja marehemu aliyemfundisha Papa Ilunga, aliyecheza peku. Vikombe vya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, vinangoja, jina langu halionekani. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini mimi nikajitembeza.

"Mama, na miye? Miye njo nimeshinda! Huyu muzee iko ya zamani, hata wakati wa nguvu yake ningemupiga!"

Papa Kalenga akachukua kofia yake. Régine akainamisha kichwa, nami nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni.

Mama Kapinga akashika kiuno. "We mutoto, haraka ya wapi? Jina yenye kusimama peke yake, hata mbuzi anaikula! Nilikuwa nakutengenezea kiti kwa majina ya hawa wazee. Sasa maliza weye mwenyewe."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikasimama, mdomo ukafunguka. Nikamsifu Papa Ilunga. Nikasema alivyonivumilia na mipira iliyochakaa, alivyonipa viatu vyake akabaki na malapa. Nikasema ule mpigo ulionipa ushindi ni wake, aliupiga kabla sijajua kutembea. Mzee akafuta machozi, akaja kucheza ngoma mbele yangu na magoti yake mabovu, na karamu nzima ikamfuata kwa vigelegele!

Papa Kalenga akaitundika tena kofia. "Na miye nitazeeka," akasema. "Natafuta mukwe mwenye atanisema vile mbele ya bantu. Régine, letea bwana yako kikombe."

Basi, mwanangu, wapende mabingwa wako wa leo, piga kelele mpaka sauti ikauke. Lakini usimpambe mmoja kwa kumvua nguo mwingine. Kila mtu alicheza na raketi ya siku zake, akapambana na watu wa siku zake, na huyu wa leo amefika juu kwa sababu yule alimwonyesha kwamba panafikika. Ukimsifu, anza na waliomtangulia. Sifa yake haitapungua.

Mungu akupe mkono wenye nguvu. Na siku utakayofungwa na mwanafunzi wako mwenyewe, akupe moyo wa kuinuka ukamchezee ngoma kama Papa Ilunga.