Vumbi la Kupimia Bomba

Huku Miyuji, Dodoma, maji huja kwa mgao, na mafundi wengi hufunga bomba wakati yamekatika, wakapiga plasta na kuondoka. Maji yakirudi ukuta unatota, na simu zao hazipatikani. Huyu tuliyeelekezwa kwake na jirani yetu Mwanaidi alifunga bomba la jikoni akaacha tundu wazi ukutani. Mke wangu, Hilda, akanuna. "Fundi, unatuachia shimo?" "Mama, sijayaona maji," akajibu, kwa sauti yake ya chini inayokulazimisha uzime redio ili umsikie.

Maji yalipotoka alikuwa tayari getini, wala hatukumwita. Kucha zake zimeliwa na saruji, lakini hushika bomba kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Aliinama uani akachota vumbi jekundu, lile tunalolilaani kila siku kwa kutufuata mpaka kitandani, akalipaka kwenye maungio ya bomba, kisha akachuchumaa kulitazama. Tukachuchumaa naye. Muda ukapita, kwa chini pakatokea doa jeusi la unyevu, dogo kama punje ya ulezi. Mimi nisingeliona. Yeye alifunga koki, akafungua kazi yake yote, akaanza upya bila kunung'unika. Maji yakaachiwa tena, vumbi jipya likapakwa. Tukangoja mpaka magoti yakafa ganzi. Akapuliza. Vumbi likapeperuka kavu, likatujaa usoni, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Dodoma, Hilda hakulilaani.