Betri Kubwa na Chingamu ya Fundi

Nianze na shavu la fundi, maana ndilo linalonirudia mpaka leo nikikaa kula. Lilikuwa limefura kama la mtu mwenye jino bovu, limejaa miraa aliyotafuna tangu asubuhi pamoja na chingamu, na kila akisema neno kitu cha kijani kinamchungulia pembeni mwa mdomo. Ptuu! Anatema kando ya gurudumu la pikipiki yangu. Anajipangusa kwa mkono uleule anaoshikia nyaya.

Lakini ningefanyaje? Ilikuwa Alhamisi, na kesho yake kaka yangu alikuwa apande Leparua, kwa mama, na dalali wa mifugo kuuza ngamia wake. Kisa ni pikipiki yangu. Mimi naishi mjini, na kila alfajiri nilikuwa naenda kwa mama kuchukua maziwa kwa pikipiki ya umeme. Betri iliyokuja nayo ilikuwa ya kuzungukia mjini tu. Kwenda ilinifikisha, lakini kurudi na mitungi ilinikatia njiani. Nasukuma, jua linawaka, maziwa yanachacha, na wanunuzi wanayanusa na kuyakataa.

"Ngamia wauzwe, mama ahamie kwangu Chechelesi," kaka alisema. "Chumba cha nyuma kipo."

Kile chumba nakijua. Kimepakana na choo, na nzi wake ni wanene mpaka wanashindwa kuruka. Mama yangu, ambaye amelala maisha yake yote akisikia ngamia wakicheua, alazwe pale! Niligomba mpaka kaka akanipa nafasi moja: maziwa ya Ijumaa yakifika mjini yakiwa mazima, hatauza.

Basi fundi akanifungia betri kubwa. Haikuingia chini ya kiti, akakata kisanduku cha betri, akatoboa tundu la waya pembeni. Tundu likawa pana mno. Nikamwambia atie gundi, mvua imenyesha, laga, ile mito yetu ya msimu, zina maji. Akatafuta gundi kwenye debe lake, akakosa. Halafu, mbele ya macho yangu, akaingiza vidole mdomoni, akatoa ile chingamu pamoja na makapi ya miraa, akaiviringisha na kuibandika kwenye tundu. Ilikuwa inang'aa kwa mate.

"Astaghfirullah! Toa huo uchafu!"

"Mathe, tulia. Hii ikikauka hata maji haipiti."

Nikatafuta kijiti niikwangue, nikakosa ujasiri hata wa kuisogelea. Maduka yalikuwa yameshafungwa. Nikapanda na kwenda zangu, paja langu nimelikunja mbali na kile kidonge kama mtu anayekwepa kinyesi.

Ijumaa alfajiri nilipanda kwa mama, nikapakia mitungi. Wakati wa kurudi, maji ya laga yalinifika kwenye kisanduku. Nikafumba macho, nikasema Bismillahi. Pikipiki ikavuka. Haikuguna hata kidogo! Mjini mnunuzi wangu akafungua mfuniko, akanusa, akaonja, akasema niendelee kumletea. Nikachaji pale dukani kwake, nikaosha mitungi, nikarudi mbio kumwambia mama.

Nilikuta wameshafika. Kaka yangu hakungoja hata nirudi na majibu. Dalali, mtu wa tumbo na harufu ya marashi juu ya jasho la jana, alikuwa ameshampaka ngamia jike mkubwa alama ya rangi nyekundu ubavuni, kwamba ameshanunuliwa. Mama amesimama pembeni, mikono imening'inia. Nilimtazama kaka yangu nikaona heri ile chingamu ya fundi.

"Maziwa yamefika mazima," nikasema. "Yamechukuliwa yote."

"Rangi imeshapakwa," kaka akajibu, bila kunitazama.

Mama alifungua mtungi mmoja mtupu, akaunusa, kisha akaja kuizunguka pikipiki. Akaona kile kitu cha kijani kimekauka kisandukuni.

"Nini hiki?"

"Mate ya fundi, mama. Mate na miraa. Usiguse!"

Kwetu mzee akikubariki anakutemea, tuf, kiganjani au kwenye paji la uso. Tangu utotoni mimi nilikuwa naenda kujifuta nyuma ya nyumba. Mama aliinama, akatabasamu. "Kumbe amekubariki," akasema, na kabla sijamzuia akaitemea betri yangu, tuf, tuf.

Kisha akamwendea yule ngamia. Akatema kiganjani, akaanza kuisugua ile rangi. Dalali akamtazama kaka, kaka akatazama viatu vyake. Rangi ilianza kusambaa lakini haikutoka, na mama mdomo ulikuwa umemkauka.

Nikaenda upande wake. Nikatema kiganjani mwangu, mate mengi, nikasugua naye mpaka rangi ikatoka.