K.K. Mara Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, Selpher Ogutu alitia sahihi daftari la wafanyakazi katika kliniki ya wanyama huko Spring Valley, akaketi kwenye dirisha la malipo. Hajaondoka hapo tangu siku hiyo. Mbwa wanaoletwa kutoka mtaa wa Kitisuru anawajua kwa uzito, maana dawa hupimwa kwa kilo na bili hufuata dawa. Bruno wa kina Gichuru ana kilo thelathini na nne. Uzito wa Joyline, binti yake wa miaka tisa, haujui.

Joyline analelewa na nyanyake Ugunja tangu akiwa na miaka mitatu. Chumba cha Selpher, Kangemi, kinatosha kitanda na jiko. Humpigia simu kila Jumapili saa kumi, na mtoto humwita Mama Nairobi. Mama, bila neno lingine, ni nyanya.

Juni iliyopita Daktari Nyawira, mwenye kliniki, alimwita. Wagonjwa walikuwa wameongezeka, lakini mapato yalibaki palepale.

"Selpher, nitafutie tundu liko wapi. Ukilipata, kitengo cha hesabu ni chako."

Mshahara wa cheo hicho ungelipa vyumba viwili na karo.

Kwa wiki tatu alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akalinganisha kadi za matibabu na risiti. Bandeji imefungwa, haikulipiwa. Masikio yamesafishwa, hayakulipiwa. Madaktari walitibu wakasahau kuandika bili, na kila alipowauliza jibu lilikuwa moja: "Ah, Selpher, hiyo si ni kitu kidogo tu." Basi kando ya kila kosa akaandika k.k.

Ijumaa akaja mkaguzi wa hesabu, Bwana Kivuva, mtu asiyecheka ovyo. Akauliza k.k. ni nini. Selpher akamwambia. Kivuva akavua miwani.

"Madam, umeandika kitu kidogo mara mia mbili na kumi na mbili, tena kwa mkono wako? Nani alikula hiyo hongo?"

Selpher aliona vile vyumba viwili vikitiwa kufuli.

"Hakuna aliyekula, bwana. Hizo nyingi ni kucha."

"Kucha?"

"Za mbwa. Zilikatwa, hazikulipiwa. Kadi zote ziko hapa."

Kivuva alisoma kadi mpaka chai yake ikapoa. "Shilingi laki moja na elfu themanini na saba hazikulipwa," akasema mwishowe. "Hongera. Lakini tafuta neno lingine, utatufungisha sote."

Daktari Nyawira alicheka akashika meza, kisha akampa Selpher funguo za ofisi ya hesabu.

Jumapili Selpher alimwomba mamake ampeleke Joyline akapimwe kwenye mizani ya kinu cha unga.

"Kilo ishirini na saba," mtoto akasema kwenye simu. "Kwani Mama Nairobi unataka kuniuza?"

Selpher aliandika ile namba nyuma ya risiti.

Kazi mpya inaanza tarehe mosi Agosti. Joyline atahamia Nairobi Januari, shule zikifunguliwa.