Kelele Niliyopiga Soga

Ulaya nilifundishwa kusafiri kwa raha, na somo hilo nusura liue mtu wa Mzenga.

Nilikuwa nimealikwa kwenye makongamano matatu, na wenyeji wangu, kwa ukarimu au kwa kutonijua, walinikatia tiketi za treni za daraja la kwanza. Kwa wiki mbili nilikuwa mtu wa Vienna, Salzburg na Zurich, kwenye kiti kinacholazwa nyuma kwa kubonyeza kitufe, kahawa ikiletwa kwenye kikombe cha kaure na milima yenye theluji ikipita dirishani. Kilichonishangaza zaidi ni mabegi. Watu waliyaacha kwenye rafu ya chuma mlangoni mwa behewa, wakaenda kukaa mbali na kufungua vitabu vyao. Siku ya kwanza nililikumbatia langu safari nzima. Siku ya nne nililiacha mlangoni na kusinzia mdomo wazi. Tulipofika Salzburg, mzungu mmoja akalibeba akidhani ni lake. Nilimfuata, nikamgusa bega, nikasema samahani mara mbili. Tukacheka, akanirudishia.

Nilirudi nyumbani Kibaha nikiwa mtu wa kuchosha. Mke wangu alidai siwezi kuomba chumvi mezani bila kupitia Zurich.

Wiki iliyofuata nilikwenda Morogoro kusahihisha mitihani, nikarudi na treni ya mwendokasi. Abiria wenzangu walipandisha mizigo juu ya viti, kila mtu na begi lake mahali macho yanapofika. Mimi nililiacha langu mlangoni, nikatembea mikono mitupu hadi kitini, nikalala. Sikujua kwamba wakati nakoroma mhudumu aliuliza begi lililoziba njia ni la nani, mama mmoja wa kiti cha mbele akanionyesha kwa kidole, na wote wawili wakalipandisha kwenye rafu iliyo juu ya kichwa changu.

Soga, stesheni yangu ya kushukia, nilizinduka treni imesimama. Nikakimbilia mlangoni. Hakuna begi. Nikatoka mbio hadi nje ya stesheni, na huko namwona mwanaume wa rika langu, shati la kijani, anaburuta begi jeusi la magurudumu kuelekea kijiwe cha bodaboda. Begi jeusi la magurudumu, ambalo nusu ya nchi tunalo.

Salzburg nilikuwa na pumzi ya kusema samahani. Soga nilipiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Kila aliyekulia huku anajua neno hilo linafanya nini. Mimi nina shahada mbili na nimewahi kuandika makala ya kulilaani.

Yule bwana aligeuka, kama walivyogeuka watu wote, kumtafuta mwizi. Helmeti ya kwanza ilimpata mdomoni. Dereva mwingine akampiga mtama, akaanguka, wakamzunguka watu kumi, kumi na tano, wengine wameshuka treni ile ile na tiketi bado ziko mkononi. Mmoja akaleta tofali, akalishusha kwa mikono miwili, nikasikia mfupa unavunjika kwa sauti kavu kama ya muwa. Walipiga kwa zamu, wakipishana kwa adabu kabisa.

"Bro, sogea na mimi nimguse!"

"Mzee," mmoja aliniita akihema, "wewe ndiye mwenye mali. Njoo umpe lako."

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu. "Kaka! Begi lako hili, umeliacha juu ya kiti." Alikuwa yule mama wa kiti cha mbele, ameshika begi langu, kibandiko cha Zurich kinaning'inia.

Kwa muda ambao sipendi kuukumbuka, sikufanya kitu. Nilijua nikisema ukweli zamu itakuwa yangu. Niliwaza hivyo kwa sentensi kamili, zenye nukta, wakati mtu anapigwa teke la sikio. Halafu nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, "Jamani, kumetokea hitilafu." Hakuna aliyesikia. Mtu alikuwa anakinga petroli ya pikipiki kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Yule mama hakungoja. Alijitosa katikati yao akilizungusha begi langu kama rungu, likampata mwenye tofali kwenye goti. "Begi lake hili hapa, mbwa nyie! Mnaua mtu bure!"

Mtu akafungua zipu ya lile jingine. Sare mbili mpya za shule na mfuko wa mbegu za mahindi. Mwenye chupa akaiweka chini.

Kisha wakanigeukia. "Mzee," alisema mwenye helmeti, karibu analia, "mbona unatufanya tuue mtu?" Kofi lake likaniangusha, miwani ikavunjika. Teke la mbavu sijui lilitoka kwa nani. Nakiri lilinipa nafuu, na nafuu ile nayo ni aibu.

Yule bwana walimpakia kwenye pikipiki, mwenye helmeti akiendesha, mwenye tofali amemkumbatia kwa nyuma asidondoke, wakaenda mbio hospitali, Mlandizi. Nilifuata na bodaboda nyingine, na mabegi yote mawili.

Alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Jicho la kushoto lilipotea. Hospitali ndugu zake walinijua kama mwalimu aliyemleta, wakanishukuru, na mimi, mtu ambaye kazi yake ni kusahihisha, sikuwasahihisha.

Baada ya mwezi na kitu nilikwenda kwake Mzenga. Alikuwa amelala kwenye mkeka, nikakaa chini kando yake. Mkewe alikuwa amechemsha maji ya kumsafisha vidonda.

"Karibu mwalimu. Mungu akulipe kwa kumwokoa mume wangu."

"Shemeji," nikasema, "sikumwokoa. Mimi ndiye niliyepiga kelele za mwizi."

Mume aligeuza kichwa ili jicho lililobaki linifikie. Mke alikuwa amesimama juu yangu na birika linalotoa mvuke, karibu na magoti yangu. Nilisubiri. Sikusogeza miguu.

"Kwa nini?" mume aliuliza.

"Nilidhani begi ni langu."

"Lile begi nilinunua Kariakoo," alisema polepole, kama anaandikisha maelezo polisi. "Risiti ninayo."

Mkewe alinisukumia beseni kwa mguu. "Shika," alisema. "Shika vizuri, yanaunguza." Akaanza kumimina.