Mawingu ya Jumatatu

Fanuel alitoka Vihiga akaja kisiwa cha Amu kutengeneza kompyuta, na miaka sita yote hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kazi mbovu. Jambo hilo lilimtia kiburi kidogo.

Mteja aliyempenda kuliko wote ni Bi Huwaida, mshona kofia. Mwanawe Dawud, baharia wa meli ya mizigo, alimwachia laptop kuukuu. Fanuel akaiwekea mfumo wa Linux, kisha kwa mbwembwe za fundi akaandika programu ndogo ya kushusha picha ya dunia kutoka kwenye setilaiti kila saa na kuitandaza skrini nzima. Tangu hapo, kila baada ya sala ya alfajiri, Bi Huwaida alitafuta bahari aliko mwanawe. Akiona mawingu, aliweka sindano chini akamsomea sura ya Yasin. Akiona kweupe, alishona.

Lakini picha zilikula bando la intaneti, na mama akanung'unika. Dawa yake ilikuwa kupunguza ukubwa wa picha, kazi ya nusu saa. Fanuel akaona uvivu. Akachukua picha ishirini na nne za Jumatatu, akaziacha zijirudie kila siku, jua likichomoza na kuchwa kama kawaida. Nitarekebisha Ijumaa, alijiambia, na hakumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi alimkuta Bi Huwaida mbele ya laptop, kofia imeanguka miguuni, macho mekundu.

"Dawud amepiga simu, wameingia bandarini," alisema. "Dhoruba imewapiga siku mbili. Mwenzake amevunjika mguu. Yeye mzima, alhamdulillahi. Aniambia, mama, nalijua wanisomea. Nami sikusoma hata aya, Fanuel. Nalitazama hapa, yuwa lawaka kweupe, nikashona kofia. Mato yangu yamezeeka, sikuona wingu."

Aibu ilimpanda Fanuel hadi masikioni. Angeweza kurekebisha kimyakimya, na mama huyu angeendelea kuyalaumu macho yake mpaka kufa. Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Akaviondoa.

"Macho yako hayana kosa, Bi Huwaida. Hayo ni mawingu ya Jumatatu, si ya leo. Niliyaweka mimi, kwa uvivu wangu, nikanyamaza. Nisamehe."

Bi Huwaida hakumfokea. Laiti angemfokea. Alibonyeza namba ya mwanawe, akamnyooshea simu.

"Mwambie wewe kwa nini sikumuombea," alisema.

Simu ilikuwa imeshaanza kuita.